Kitana Mdomoni

Saluni ile ilikuwa na wasusi wasaidizi wawili. Mmoja alisuka vibaya na kujisifu vizuri. Mwingine alisuka vizuri na kujitukana vizuri zaidi. Wa kwanza aliitwa Mrefu, kwa sababu alikuwa mrefu. Wa pili aliitwa Samahani, na haikuchukua muda mteja mgeni kujua sababu.

Msusi akimaliza kazi, humshikia mteja kioo kidogo nyuma ya kichwa ili aone kisogo chake katika kioo kikubwa cha ukutani. Ni wakati mtamu. Mrefu, ambaye mistari yake ilikwenda kama njia ya mbuzi, aliinua kioo na kusema, "Ona ulivyotoka, shoga! Leo kuna mtu hatalala!" Mteja akacheka, akalipa, akaondoka na njia ya mbuzi kichwani na furaha moyoni.

Samahani naye aliinua kioo na kusema, "Samahani, dada. Hapa kisogoni sijui hata nimefanya nini. Na huku pembeni pamenishinda kabisa." Mteja aliyekuwa anajipenda muda mfupi uliopita alianza kujipapasa kama aliyeambiwa ana mdudu.

Mama mzazi wa Samahani alimlea kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Samahani aliishika kwa namna yake. Alikuwa na kizuri, akakitembeza mtaa mzima akikinadi kama kibaya.

Si kwamba alipenda. Ndani ya kichwa chake aliishi mkaguzi. Hakuna aliyemwajiri. Hakuwa na cheti, wala hakuwahi kushika kitana maishani mwake. Hata hivyo alifika kazini kabla ya wote, hakuugua, hakuomba likizo, wala hakutoka kwenda kunywa chai. Ofisi za serikali zingepata watatu tu wa namna yake, foleni zingeisha. "Umeharibu," mkaguzi alisema kila Samahani aliposhika kitana. "Umeharibu," alisema akikiweka. Ripoti zote zilikuwa na neno hilohilo, na Samahani alizisaini zote bila kusoma.

Mwenye saluni, mama mwenye sauti iliyofika mtaa wa pili bila simu, alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Wewe mtoto," alimwambia siku moja, "mikono yako inaniletea wateja, mdomo wako unawafukuza. Nikuambie unyamaze, unaguna. Nikuambie usigune, unatikisa kichwa kama uko msibani. Sasa sikia. Kuanzia leo, ukiinua kioo, kitana mdomoni. Kishike kwa meno."

Ikawa hivyo. Samahani alikuwa akiinua kioo huku ameng'ata kile kitana chembamba chenye mkia mrefu cha kugawia nywele. Wateja walidhani ni mtindo. Mrefu alimwita farasi.

"Farasi wetu leo amekula?" aliuliza kila asubuhi.

"Mwache mwenzio," mama alisema. "Afadhali farasi mwenye hatamu kuliko kasuku asiye na tundu."

Kisha kiti cha dirishani kikabaki wazi. Msusi mkuu aliyekisimamia alihama na mumewe. Kiti hicho kilionekana na barabara nzima, na kila aliyeingia alikiendea kwanza. Aliyesimama nyuma yake alikuwa na wateja wake mwenyewe na rafu yake mwenyewe. Si msaidizi tena. Samahani alikitamani tangu siku ya kwanza. Kila asubuhi, kabla wenzake hawajafika, alikifuta vumbi kwa mikono yote miwili, polepole, halafu akarudi kwenye kona yake karibu na sinki akijifanya hakuna kilichotokea.

"Nitaamua Jumamosi," mama alitangaza. "Samahani, ukifika Jumamosi jioni hujaitukana kazi yako, kiti ni chako. Ukiitukana hata mara moja, namweka Mrefu. Mistari yake imepinda, lakini mdomo wake umenyooka."

"Asante, mama," alisema Mrefu, ambaye hakusikia sehemu ya kwanza.

Juma likapita na kitana kikapata alama za meno. Jumamosi akaja binti mmoja mwanafunzi wa uuguzi, aliyekuwa na mahafali kesho yake asubuhi. Alikuja na shangazi yake, ndiye aliyemlipia masomo na sasa aliyelipia nywele, kwa hiyo alijiona ana hisa kwenye kichwa chenyewe. Shangazi alivuta kiti, akaketi karibu mno, akaweka mkoba mapajani kama mwamuzi.

Samahani alisuka tangu asubuhi mpaka jua likageukia upande wa pili wa dirisha. Misuko midogo, myembamba, iliyoanza juu ya paji na kushuka kama mvua tulivu. Binti alisinzia, akaamka, akasinzia tena. Alipomaliza, Samahani aling'ata kitana na kuinua kioo.

Binti alijiangalia. Akageuza shingo kulia, akageuza kushoto. "Jamani," alisema kwa sauti ndogo. "Huyu ni mimi?"

Mambo yangeishia hapo. Lakini shangazi hakuzoea jambo kuisha kabla hajasema.

"Wewe msusi, mbona umeng'ata kitana? Huna ulimi? Mimi nauliza: kazi hii wewe mwenyewe umeridhika nayo?"

Mama mwenye saluni alifunga macho. Mrefu aliacha kuchana. Samahani, aliyefundishwa kwamba mkubwa akiuliza hajibiwi kwa kuguna, alitoa kitana mdomoni. Maneno yakatoka yenyewe, kama maji kwenye bomba lililosahauliwa kufungwa.

"Samahani, shangazi. Njia ya kushoto imepinda."

"Nilijua!" shangazi alisimama. Hakuwa amejua lolote. Alikuwa amekaribia kusifu. Alivaa miwani. "Imepinda! Na ya kulia nayo imepinda. Na hapa kwenye sikio, hii nini? Mwanangu, kesho unasimama mbele ya watu na kichwa kama mkeka ulioliwa na panya?"

Binti akajitazama tena kwenye kioo, na sura iliyokuwa ikichanua ikafunga. "Kumbe kweli," alisema, machozi yakianza. "Mimi sikuona."

"Fumua," shangazi aliamuru. "Fumua yote, uanze upya."

Upande wa pili wa chumba, Mrefu alichukua mkoba wake taratibu na kwenda kuuweka kwenye kiti cha dirishani.

Samahani aliinua mkono kuanza kufumua. Kama kawaida ya mkono wake, aliulaza kwanza mkia wa kitana kwenye njia ya kushoto ili ajue pa kuanzia. Mkia ukalala. Kuanzia pajini mpaka kisogoni haukugusa unywele hata mmoja. Alisogea, akautazama kwa upande mwingine. Njia ilikuwa imenyooka kama uzi uliovutwa.

Kitu kikamjia polepole: alikuwa amesema kabla ya kutazama. Si leo tu. Miaka yote hiyo mkaguzi hakuwahi kukagua. Alikuwa ameketi gizani akisoma ripoti aliyoiandika zamani, na yeye, mjinga, akaisambaza kwa wateja. Uongo wa kujisifu watu huuomba ushahidi. Uongo wa kujitukana hupewa kiti na kukaribishwa chai.

"Shangazi," alisema. "Shika hiki kitana. Nionyeshe palipopinda."

"Unanipa kazi?"

"Nionyeshe tu. Nikipaona, nafumua bure."

Neno bure lilimsogeza shangazi. Alilaza mkia wa kitana kichwani. "Hapa," alisema. Akainama. "Hapana, hapa. Ngoja." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Labda mtoto ameinamisha shingo."

"Sijainamisha, shangazi," alisema binti, ambaye machozi yake yalikuwa yameshaacha kutoka ili asikie vizuri.

"Lakini wewe mwenyewe umesema imepinda!"

"Nilisema uongo," alijibu Samahani. "Imenyooka. Zote zimenyooka. Ni kazi nzuri, na sifumui."

Shangazi alirudisha kitana, akafungua mkoba. "Mimi tangu mwanzo nilisema ni nzuri," alisema akilipa. Hakuna aliyembishia, kila mtu alikuwa na lake la kuangalia.

Walipoondoka, mama alikunja mikono. "Kanuni ni kanuni. Umefungua mdomo ukaitukana kazi yako, tena mbele ya mteja."

Mkaguzi aliamka haraka kuliko wote. Sema hustahili, alinong'ona. Sema ni kweli.

"Niliitukana," alisema Samahani. "Halafu nikailipa heshima yake palepale, mbele ya walewale. Nakitaka kiti, mama."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema anataka kitu. Mama akapaza sauti, ingawa Mrefu alikuwa hatua chache tu. "Mrefu! Mkoba wako umekaa pabaya."

Jumatatu mteja wa kwanza aliketi dirishani. Katikati ya kazi mkaguzi akasema, "Njia imepinda." Samahani alilaza mkia wa kitana, akainama, akatazama. Safari hii ilikuwa imepinda kweli, kidogo, karibu na sikio. Alifumua misuko mitatu, akagawa upya.

"Kuna nini?" aliuliza mteja.

"Hapa palipinda. Nimepanyoosha."

Akaendelea kusuka. Alipomaliza aliinua kioo kwa mkono mmoja. Kitana kilikuwa rafuni, na mdomo wake mtupu ukasubiri mteja aangalie.