Gayogayo wa Tangvig

"Nionyeshe gayogayo mmoja tu," Tyge aliniambia, akivuta suruali yake ya mpira hadi kifuani. "Mmoja mzima, wa kutoka hapa. Jioni nitawaambia wenzangu mpewe boti tena. Nisipomwona, Solvej, basi. Boti inabaki bandani."

Bila boti ya chama cha wavuvi tusingeweza kupanda tena. Kwa miaka mitatu, kila majira ya kuchipua, tulikuwa tukichomeka miche ya nyasi bahari kwenye matope ya hori la Tangvig, ambako kiangazi kimoja maji yaliishiwa hewa na samaki wakaoza hadi ufukweni. Mwaka wa kwanza watu walijaa. Mwaka huu tulibaki wachache, na baadhi yetu, nadhani, walifuata supu tuliyogawa.

Nyavu zilipigwa marufuku pale kwa sababu zinang'oa miche. Ikabaki fimbo nyepesi, mshipi, na ndoana iliyofungwa manyoya na shanga mbili nzito ili izame hadi mchangani. Tyge, mwenyekiti wa chama, alikuwa amevua trauti, samaki mwepesi wa kudaka na kukimbia, kwa manyoya tangu ujana wake. Gayogayo, samaki bapa mwenye macho yote upande mmoja, kwake alikuwa msumbufu tu. Picha nilizopiga chini ya maji hakuziamini.

"Picha! Hata mimi ninayo moja nimetoka mwembamba."

"Hiyo ni ya harusi," alisema mkewe, Ragnhild, aliyeketi juu ya jiwe akila mkate mweusi wenye ini la kusaga. "Na hata siku ile ulikuwa umebana pumzi."

Tyge aliingia majini hadi kiunoni, kama wavuvi wote wa trauti, akatupa mshipi mbali kwa ufundi wa kupendeza. Akatupa tena na tena. Hakuna kilichogusa. Mimi nilisimama ufukweni nikiuma kidole cha glavu.

"We Tyge, utakuja kuvua Uswidi, ng'ambo huko!" Ragnhild alipaza sauti. "Rudi huku!"

"Gayogayo analala kwenye maji yanayofika kifundo cha mguu," nikaongeza. "Umeshampita. Tupa karibu, pale mchanga unapokutana na nyasi, halafu vuta polepole, vumbi la mchanga liinuke."

Alirudi akinung'unika, akatupa hatua chache tu mbele yake. Mshipi ukakaza. Hapohapo akauvuta kwa nguvu, na ndoana ikaruka juu ya kichwa chake, tupu.

"Kaa huyo," alisema.

Kaa ndio waliokuwa wakitukatia miche. Akatupa tena, ukakaza tena, akavuta vilevile, akakosa.

"Kaa, nakwambia. Hori limejaa kaa."

"Mbona humpi nafasi?" Ragnhild alisema. "Huyo si trauti, anayedaka akakimbia. Huyo hula kama shangazi yangu, anatafuna kwanza. Ngoja!"

"Najua. Lakini mkono unakwenda wenyewe."

"Basi nakuja kuushika."

Akaweka mkate juu ya jiwe, akaingia majini na viatu vyake vya kawaida, akamkamata mumewe kiwiko kwa mikono miwili. Tyge akatupa. Vumbi dogo likainuka chini, likatulia, likainuka. Mshipi ukatetemeka.

"Bado," Ragnhild alinong'ona.

"Ragnhild..."

"Bado, nimesema. Haya, sasa!"

Alimwachia kiwiko, na fimbo ikapinda. Kitu kizito kiling'ang'ania mchanga kama sahani iliyonata kwenye tope, kisha kikabanduka, kikaja kikipigapiga maji. Nilipiga magoti nikampokea. Alikuwa mdogo, upana wa kiganja, mgongo wa rangi ya mchanga wetu, tumbo jeupe. Nilimchomoa ndoana taratibu.

"Ni mdogo mno kisheria," nilisema. "Tumwachie."

Samaki alishuka, akajitupia mchanga mgongoni, akapotea tukimwangalia. Tyge aliinama hadi pua ikakaribia maji.

"Mmoja si hori zima," alisema hatimaye.

"Hukuomba hori zima," Ragnhild akamjibu. "Uliomba mmoja."

Tyge aliendelea kuangalia mahali pale, ambapo sasa macho mawili madogo tu yalichomoza.

"Mdogo vile," alisema, "hakutoka mbali. Amekulia humuhumu." Akasimama wima. "Boti mtapewa. Nitawaambia nimemshika mwenyewe. Huwa mnapanda lini?"

"Mwezi wa tano. Asubuhi, kabla ya upepo."

"Mbona hujawahi kunialika?"

"Nakualika kila mwaka, Tyge."

Alikohoa, akaanza kukunja mshipi.

"Basi safari hii nialike mapema," alisema. "Na mwalike na huyu, maana bila yeye nitaing'oa miche yote."

"Huyu ana viatu vimejaa maji," alisema Ragnhild. "Nipe mkono nitoke."