Mvua Iliyoishia Kwenye Minyaa

Kikapu kilicholetwa mlangoni kwa Loisi asubuhi ya Jumapili ya mavuno kilijaa uwele mpaka ukingoni, na hapakuwa na punje hata moja iliyotoka shambani kwake. Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya njia, mabua yake membamba yamesimama bila masuke. Hata ng'ombe waliyapita pasipo kugeuza shingo.

Aliyekileta alikuwa Bashiri, Mrangi wa Kondoa aliyehamia Ihumwa miaka kumi iliyopita. Mashamba yao yalitenganishwa na ua wa minyaa tu.

"Hiki ni chako, mama Marko," alisema.

"Changu kwa lipi, baba Naima?"

"Januari ninyi mlifunga siku tatu kuomba mvua. Mimi nilikuwa nakula ugali wangu huku naangalia mbingu. Siku ya nne mvua ikaja. Imenyesha kwangu, sawa, lakini walioiomba ni ninyi. Sasa nile peke yangu?"

Loisi alishukuru kwa sauti ndogo, akainama kukipokea ili asimtazame usoni. Angemtukana, ingekuwa nafuu.

Mvua za nchi ile zina upendeleo wake: hulowesha shamba la mtu na kuliacha la jirani likitimka vumbi. Siku ile ilitoka upande wa Kongwa, ikalinywesha shamba la Bashiri mpaka likatota, ikafika kwenye minyaa, ikaishia pale pale. Loisi alisimama upande wake amekinga viganja, baada ya mfungo aliouongoza yeye mwenyewe, asipate hata tone. Tangu hapo majirani walimpa pole, naye akaipokea kama mtu aliyeonewa. Hakuna aliyejua alichokiomba. Kwa mdomo, mbele ya watu, aliomba mvua ya kijiji kizima. Moyoni, siku zote tatu, aliomba inyeshe kwake na imruke Bashiri, ili Ihumwa yote ione nani ana Mungu na nani hana.

Na mtu yule yule sasa alikuwa amemletea fungu lake.

Bashiri alipoondoka, Loisi alikusanya mabua makavu ya shambani mwake, akayawasha uani, akaisogeza karibu na moto ngoma yake ya muheme, ile aliyoipigia kwaya kanisani, ili ngozi ikaze. Hayo ndiyo mavuno aliyokuwa nayo mwaka ule. Bado alikuwa akiigeuzageuza ngoma Mzee Joshua alipopita kuelekea kanisani. Mzee huyo wa kanisa alikiona kikapu kabla hajamwona mwenye nyumba.

"Afadhali," alisema. "Umepata cha kupeleka mbele."

"Shikamoo, mzee. Hicho kimetoka kwa Bashiri."

"Marahaba. Uwele hauna dini, mama Marko. Wewe ndiye uliyetufungisha. Ukija mikono mitupu, wenye imani changa watasema tulikaa na njaa bure. Kipeleke, ushuhudie kidogo, yaishe."

"Nimwongopee Mungu ili watu wamwamini?"

"Nani kasema uongope? Usitaje kilikotoka, basi."

Loisi aliichukua ngoma motoni, akaigonga kwa kidole. Iliitika vizuri. Kisha alikiingiza kikapu ndani, akafunga mlango, akatangulia njiani bila kumngoja mzee.

Kanisani watu walipanga foleni na mavuno yao: karanga, alizeti, majogoo waliofungwa miguu. Ulipofika wakati wa ushuhuda, Mzee Joshua alimwita kwa mazoea, kisha akaona ameshika ngoma tu.

"Bwana asifiwe," Loisi alianza.

"Amina."

"Mimi sikuvuna. Mnajua. Msilolijua ni kwamba niliwaongoza kufunga huku nikiomba mvua imruke Bashiri. Nilitaka akauke, nami nistawi, mje mniulize siri yangu. Leo asubuhi mtu huyo ameniletea chakula, anashukuru kwa maombi yangu."

Jogoo mmoja alipapatika chini ya benchi.

"Mama Marko, inatosha," alisema Mzee Joshua. "Keti."

"Sijamaliza, mzee. Miaka ishirini na sita napiga ngoma hii, na siku zote nasimama pale dirishani. Mnafikiri napenda upepo. Pale shamba langu linaonekana. Napiga, nachungulia, nasifu, nachungulia. Niliyekuwa namwabudu ni uwele. Sasa uwele haupo, nataka nijue kama kuna kilichobaki. Mkiamua kunitoa kwaya, nitoeni kesho. Leo napiga."

Alimtazama mchungaji. Mchungaji aliitazama Biblia yake iliyofungwa.

Loisi hakurudi penye dirisha. Wanakwaya walimpisha kama wanavyompisha mgonjwa, akavuka mpaka ukuta wa pili, akalipa dirisha mgongo, akaibana ngoma kati ya mapaja. Aliogopa. Alikuwa bado na hasira dhidi ya mvua, dhidi ya Joshua, na dhidi ya Mungu mwenyewe aliyempa jirani yake roho ile na kumnyima yeye. Hakuificha. Aliishusha yote kwenye ngozi.

Mapigo ya mwanzo alikuwa peke yake. Hakuna sauti iliyompokea, na mikono yake, iliyozoea kupiga kwa ajili ya kitu, haikujua pa kwenda. Alitafuta moyoni ombi la kuanzia, akalikosa, akapiga hivyo hivyo. Nyuma kabisa mwanamke mmoja alianza kuitikia kwa sauti ya chini.

Shingo ilimwasha igeukie dirisha, alichungulie shamba; hakuigeuza. Akazidisha mapigo.