Bi Okcheon Alipogawa Vitu Vyake

Kijijini kwetu mwanamke huitwa kwa jina la kijiji alikozaliwa, hata akiwa na vitukuu. Mimi ni Bi Namwon. Jirani yangu, Bi Okcheon, alimzika mumewe majira ya kuchipua, akanyamaza jii.

Kituo cha afya kikatuletea Ha-yun, mshauri wa wenye huzuni, binti mwembamba kama kijiti cha kulia wali. Kila Alhamisi alikuja kwenye jumba la wazee, tunapokutania mchana, akaketi sakafuni kando ya Bi Okcheon, wakamenya vitunguu saumu. Hakumchimba, hakumhubiria. Alimuuliza amelalaje, amekula nini, akamsifu kwa kuamka na kunawa uso. Sisi wengine tulimcheka sana. Nilisema hata paka wangu angeiweza kazi ile, mradi apewe gari.

Baada ya mavuno Bi Okcheon akachangamka. Akaanza kugawa vitu: huyu blanketi, yule sufuria. Mimi nikapata mtungi wa mchuzi wa soya alioachiwa na mama mkwe wake, mchuzi wenye umri mkubwa kuliko wanangu. Tukasema, huyo amepona. Alhamisi nikamringia Ha-yun kwa mtungi wangu.

Ha-yun akaweka kisu chini. Mtungi wa namna ile hautoki nyumbani mwenyewe akiwa hai. Sote tulilijua hilo, ila aliyeshtuka ni yeye. Akamwomba Bi Okcheon waende jikoni, akauvuta mlango. Nami nikakumbuka kwamba nina figili za kupanga karibu na mlango uleule.

"Bibi," nikamsikia, kwa sauti ileile ya kuulizia chakula, "unafikiria kujiua?"

Kwetu neno hilo halitajwi mbele ya mfiwa, usije ukamwonyesha njia. Nikashika mlango niingie nimtoe binti yule kwa nywele.

"Ndiyo," akajibu Bi Okcheon. "Nilitaka kwanza tumalize kuchachusha kabichi za majira ya baridi, nisiwaachie kazi."

Nikauachia mlango. Jana tu tulicheza karata, akanifunga, akanicheka.

Ha-yun hakulia wala hakukemea. Alimshukuru kwa kusema. Akamwambia mzigo huo ameubeba peke yake vya kutosha, kwamba sasa hivi wataongozana kwa daktari, na Alhamisi zao hazitakatika. Kisha akauliza ni nani angependa awe naye karibu, mtu asiyemwonea haya.

Nikamsikia Bi Okcheon akiepua birika.

"Huyo mbea nyuma ya mlango," akasema Bi Okcheon.

Mlango ukafunguka. Nimesimama na figili mkononi. Nikafungua mdomo nimwambie asiwaze sana, kama tulivyozoea kuambiana. Ha-yun akatikisa kichwa kidogo tu, nikalimeza neno hilo.

"Chukua koti," nikasema. "Hospitali kuna baridi."

"Nimeshampa mtu."

Nikaanza kuvua langu. Kifungo cha juu kikanishinda. Bi Okcheon akanisogelea, akanifungulia yeye.