Vitabu vya Siku ya Wakaguzi

Wilkister, jirani yangu anayeuza chapati nje ya chuo, anasema aliona kwa macho yake mwenyewe. Anasema Probox nyeupe ilifika kwenye geti ya chuo wakati alikuwa anakaanga chapati za mchana, soja wa geti akafungua buti, na ndani kulikuwa na makatoni ya vitabu vipya, kila kimoja kimegongwa muhuri wa maktaba. Anasema mzee Jeconia, mkutubi wetu, alitolewa garini akiwa ameshikwa mshipi kwa nyuma kama mwizi wa kuku. Akapiga magoti kwenye changarawe. Akalia. Akasema ni shetani alimwingia. Na kwamba vitabu hivyo alikuwa anamuuzia mhindi wa pale mjini Thika, na si mara ya kwanza, ndiyo sababu watoto wa watu wanafeli.

Hayo yote aliyasema kwenye bomba la maji, hapa kwetu Kiganjo, akina mama wote wa ploti wakisikiliza na mitungi yao imejaa kitambo.

"Wilkister," nikamwambia, "hiyo Probox ilikuwa inatoka ama inaingia?"

"Ngoja kwanza. Inatoka, inaingia, mimi ni trafiki?"

"Nakuuliza tu. Ilikuwa inaelekea wapi?"

Akafikiria. "Ilikuwa inaingia."

"Sasa ni mwizi gani huyo anarudisha?"

Mmoja akacheka. Wilkister akaweka mkono kiunoni. "Ajwang, wewe kazi yako ni kupiga deki. Mambo ya vitabu ulijulia wapi? Ama mzee ni wenu wa huko Nyanza, ndiyo unamtetea?"

Nilibeba maji yangu nikaenda. Nilitembea kwa haraka mpaka maji yakanimwagikia miguuni. Mimi si mtu wa kupigana na majirani. Nimeishia darasa la nane, na nimezoea kunyamaza watu wakiongea. Lakini ile siku nilikuwa kwenye dirisha la maktaba juu, na kitambaa cha kupangusa vioo mkononi, na yale ambayo Wilkister anasimulia si yale niliyoona.

Acha nianze na maktaba yenyewe.

Mvua ikinyesha, ndoo zangu za deki huwa zinakaa chini ya rafu za vitabu vya sheria, kwa sababu hapo ndipo paa linavuja. Kompyuta zimefunikwa shuka kama maiti. Intaneti inashika karibu na choo cha wanaume tu, kwa hivyo utakuta wasichana wamejipanga kwenye korido hiyo na simu zao, wameziba pua. Mitihani ikikaribia, wanafunzi wanaficha vitabu. Yule wa uuguzi anachukua kile kitabu kimoja cha ukunga, anakisukuma nyuma ya vitabu vya mbolea na ng'ombe, ili kesho akikute peke yake. Mimi nikipangusa vumbi navikuta, nampelekea mzee Jeconia, yeye anavirudisha mahali pake. Kingine unakikuta kimechanwa kurasa, kimebaki kama mahindi yaliyotafunwa.

Zamani mzee alikuwa na wasaidizi. Mmoja akaenda, hakuandikwa mwingine. Mwingine naye akaenda. Akabaki peke yake kwenye ile meza, anakula chakula cha mchana akiwa amesimama, na matusi yote yanamwishia yeye.

"Buda, hii ni laibrari ama makumbusho?" kijana mmoja alimuuliza.

"Makumbusho wanalipisha kiingilio," mzee akamjibu. "Wewe umeingia bure, keti usome."

Hakuwa anakasirika. Mimi ndiye nilikuwa nakasirika kwa niaba yake. Kila muhula alikuwa anaandikia ofisi kuu kuomba vitabu, na kila muhula ofisi kuu inapaka rangi mawe ya bustani ya maua pale kwenye lango.

Ndipo siku moja asubuhi lori likaja. Msajili wa chuo, Ndegwa, alikuja nalo mwenyewe. Tangu nianze kazi pale sikuwahi kumwona ndani ya maktaba, hata ilibidi aulize mlango uko wapi. Wakashusha makatoni mpaka sakafu yangu yote ikajaa matope ya viatu.

"Mzee, si umekuwa ukililia vitabu?" Ndegwa akasema. "Haya, ndivyo hivi. Panga kwa rafu. Alhamisi wakaguzi wa vyuo wanakuja kutoka Nairobi, na nataka wakute kumejaa."

"Asante sana, bwana msajili. Karatasi za ununuzi ziko wapi niviandikishe?"

"Karatasi zitafuata. Wewe panga."

Mzee Jeconia alisimama pale na kiganja juu ya katoni, kama mtu anayempima mtoto homa. Alikuwa amebakisha muda mfupi tu astaafu, na nafikiri alikuwa ameshakata tamaa ya kuona kitabu kipya pale ndani.

Sasa, yeye ana sheria yake. Hakuna kitabu kinachoingia kwenye rafu kabla hakijapigwa muhuri. Ataugonga kwenye ukurasa wa mbele, na wa mwisho, na mmoja wa katikati anaoujua yeye, ili mwizi hata akichana huko mbele, kitabu bado kiseme kwao ni wapi. Ndivyo alivyofundishwa kazi. Na ule wino ulikuwa umekauka kwa kukosa kazi.

"Ajwang nyathina," akaniita, maana ananiita mtoto wake kwa lugha ya kwetu, "weka hiyo fagio chini, uje unishikie kurasa."

Nikaweka. Nikawa nafungua, yeye anagonga, mimi napuliza wino ukauke. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, sauti ya chini. Hakuna mtu alimwambia asigonge. Hakuna mtu alimwambia chochote.

Alhamisi wakaguzi wakaja na suti zao. Wakapitisha mikono kwenye rafu, wakapiga picha, wakamsalimu mzee. Ndegwa alikuwa anatabasamu tu. Maxine, yule msichana wa uuguzi ambaye huwa wa kwanza mlangoni kila siku, alikuwa amepata kitabu kipya cha ukunga, kina picha za rangi na kurasa zote. Alikuwa amekikumbatia.

"Aki Ajwang, ona," akanionyesha. "Huyu mtoto amelala vibaya tumboni, na hapa wanaonyesha vile utamgeuza. Kile kitabu ya zamani, hii ukurasa haikuwa. Nimekuwa nikiiona kwa simu ya mtu, nusu nusu."

Kesho yake asubuhi Ndegwa akarudi na vijana wa kubeba.

"Toeni vyote vipya. Pangeni kwa makatoni."

Walivitoa kama wanang'oa viazi. Makatoni ya kwanza yakaondoka na lori lile lile lililovileta. Mmoja akamfikia Maxine, akavuta kile kitabu mikononi mwake.

"Leta hapa. Hicho ni kitabu cha watu."

"Watu gani?" Maxine akasema, na sauti yake ikapanda maktaba nzima ikageuka. "Mimi si mtu?"

Mzee Jeconia akatoka kwenye meza yake. "Bwana msajili, vinaenda wapi? Hivi ni vyetu. Vimeshagongwa muhuri."

Ndegwa akafungua kimoja. Akafungua kingine. Uso wake ukabadilika.

"Nani alikwambia upige muhuri?"

"Hakuna aliyeniambia nisipige."

"Ngai! Mzee, hivi ni vya kukodi! Ni vya Viren, yule wa bookshop huko Thika! Vilikuwa vya kuonyesha wakaguzi tu!"

Alisema hivyo mbele yetu sote, kwa sauti kubwa. Alipogundua jinsi alivyosema, akatazama huku na huku. Wanafunzi wote walikuwa wanamtazama. Mimi nilikuwa nimeshika fagio, na mtu aliyeshika fagio huwa hahesabiwi.

"Wewe ndiye umeviharibu," akamwambia mzee kwa sauti ya chini sasa. "Utavipeleka wewe mwenyewe, na utamalizana na Viren wewe mwenyewe."

Jumatatu mzee akaomba Probox ya jirani yake Austine, wakapakia makatoni yaliyobaki, wakaenda. Viren akafungua, akaona muhuri mbele, akaona nyuma, akaona katikati. Akakataa. Vitabu vyenye jina la chuo atamuuzia nani? Wakarudi navyo.

Hapo ndipo mimi nilikuwa dirishani. Niliona Probox ikiingia. Niliona soja akiomba karatasi ya ruhusa, na mzee akimwonyesha kwa kidole ofisi ya msajili. Soja akapiga simu. Baadaye alituambia alichojibiwa na Ndegwa: "Sijui habari ya vitabu hivyo. Mshikilie."

Mzee hakupiga magoti. Kitabu kimoja kilianguka kwenye changarawe wakati wa kuvutana, naye akainama kukiokota. Akatoa kitambaa chake mfukoni akakipangusa vumbi. Ndicho Wilkister alichokiona kutoka kwenye jiko lake la chapati, akaita kupiga magoti na kulia.

Wakamsimamisha kazi siku hiyo hiyo. Kamati ya nidhamu ikasema itakaa Jumatano ya wiki inayofuata. Akipatikana na hatia ya wizi atafukuzwa, na yale malipo ya uzeeni aliyoyasubiri maisha yake yote hatapewa.

Nikaenda kwa Mutiso, msimamizi wetu wa usafi, nikamwambia nataka kwenda mbele ya kamati niseme nilichoona. Alinitazama kana kwamba nimemwomba figo.

"Ajwang, sisi ni watu wa kampuni. Hatujaandikwa na chuo. Ukifungua mdomo huko, watafukuza kampuni yote. Unataka wenzako walale njaa kwa sababu ya mzee mmoja?"

"Si mzee mmoja. Ni mtu hakuiba."

"Nani amesema aliiba? Mimi nasema tu unyamaze."

Maxine naye na wenzake waliandika barua wakaweka sahihi. Waliambiwa barua yao imepokewa, na wakakumbushwa kwamba matokeo yao ya mtihani bado hayajatolewa. Ni hivyo tu.

Jumapili nikateremka Mwiki, kule Ruiru, nikamtafuta mzee nyumbani kwake. Nilimkuta amevaa shati iliyopigwa pasi, amefunga mpaka kifungo cha shingo, na hana mahali anaenda. Mke wake akanipa chai.

"Kamati haitaniamini mimi, wala haitakuamini wewe, nyathina," akasema. "Inataka mwenye vitabu. Viren akija aseme ni yeye aliyemkodishia Ndegwa, nimepona. Nimempigia simu, hashiki."

"Nitaenda mimi."

"Usigombane naye."

Nikamaliza chai nikasimama. Sikutaka kumwahidi.

Jumanne nikaomba ruhusa ya kwenda hospitali, nikaenda dukani. Viren alikuwa nyuma ya kaunta akifunga atlasi za shule kwa kamba. Mke wake Dipti alikuwa kwenye kiti cha juu karibu na mlango, anapokea pesa. Na pale kwenye kona, ninaapa, yalikuwa yale makatoni ambayo Probox haikubeba, yaliyoletwa na lori lake siku ile ya Ijumaa. Niliyajua kwa matope ya sakafu yangu.

"Karibu dada. Unatafuta kitabu cha darasa la ngapi?"

"Sitafuti kitabu. Mimi nafanya usafi kwenye maktaba. Nimetumwa na mzee Jeconia."

Akaacha kamba. "Huyo mzee ni mtu mzuri. Mimi sikumshtaki, nakwambia kweli. Sikuenda polisi."

"Najua. Lakini kesho watamfukuza kama mwizi. Na wewe unajua nani alikuja hapa kukodi."

"Dada, hayo ni mambo ya ndani ya chuo."

"Lori lilikuwa lako. Hilo si la ndani."

Akatazama mlangoni, kama kuna mteja. Hakukuwa na mteja. "Nikisema nilikodisha vitabu vya kudanganya wakaguzi, mimi nitakuwa nani? Shule zote za hapa zinanunua kwangu."

"Mwambie yote, Viren," Dipti akasema kutoka kwenye kiti chake, bila kugeuza kichwa. "Mwambie nani alipiga simu jana."

Viren akapangusa kaunta kwa kiganja ingawa ilikuwa safi. "Ndegwa alipiga. Anasema kwa vile vimegongwa muhuri, chuo kitavinunua. Vyote. Ni mimi tu ninyamaze, mpaka mambo ya mzee yaishe."

Ilinichukua muda kuelewa. Yaani vitabu vitarudi. Vitapangwa kwenye rafu na muhuri wake ndani, mbele na nyuma na katikati. Maxine atafungua ule ukurasa wa mtoto aliyelala vibaya. Na mtu aliyefanya vibaki, kwa kufanya kazi yake tu kama alivyofundishwa, ndiye atatupwa nje, na wapika chapati watamsimulia milele kama mwizi. Na mimi nitakuwa navipangusa vumbi kila asubuhi.

"Hivi unalala?" nikamuuliza.

"Dada, usinitusi dukani kwangu."

"Sijakutusi. Nimekuuliza. Kwa sababu Ndegwa najua analala, na Mutiso analala, na jirani yangu Wilkister analala vizuri sana. Ni mzee Jeconia tu halali, na hakuna alichoiba!"

Nilikuwa napiga kelele. Watu wawili nje walisimama kuangalia. Mimi, ambaye huwa nanyamaza. Dipti alishuka kwenye kiti chake, akaenda akarudisha mlango polepole, lakini hakuniambia nitoke.

Nikaenda kwenye kona, nikafungua katoni moja, nikatoa kitabu cha juu. Nikakiweka kwenye kaunta mbele ya Viren, nikakifungua katikati, pale mzee anapopajua. Wino ulikuwa umetawanyika kidogo upande mmoja, kwa sababu nilipuliza haraka.

"Kamati inakaa kesho asubuhi, saa tatu," nikasema. "Sikuombi umchukie Ndegwa. Sikuombi uache kuuza vitabu vyako. Nakuomba uje useme lori lilikuwa la nani. Neno hilo moja tu. Utakuja?"

Viren alitazama ule muhuri. Dipti alimtazama yeye. Huko nje boda boda ilipita ikipiga honi, ikaenda mpaka sauti yake ikaisha, na mimi bado nimesimama pale, mkono wangu juu ya ukurasa ili usijifunge.