Swali la Tatu Sandukuni

Kila Jumamosi saa tisa alasiri, katekista mstaafu alifungua chumba kidogo kando ya sakristia ya kanisa, akalipangusa vumbi sanduku la maswali, akakaa kungoja. Zamani watu walipanga foleni. Mbona mnapigia sanamu magoti? waliuliza. Naye hakutafuna maneno: picha ya mama yako ukutani si mama yako, ila ukiitazama unamkumbuka.

Siku hizi watu waliuliza simu zao. Lakini tangu afiwe na mkewe, miaka sita iliyopita, ni chumbani humu tu alimoitwa Mwalimu. Nyumbani hakuna aliyemwita chochote.

"Mwalimu, sanduku lako limefunga?" mama kiongozi wa kwaya alimtania. "Kwaresima ilishapita!"

"Linafanya toba, dada."

Padre, kijana aliyehamia karibuni, hakucheka. "Jumamosi ijayo tukilikuta tupu, chumba tuwape kwaya waweke kinanda chao."

Wiki ile mzee aliandika maswali mwenyewe, kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane. Mawili yalimtoka upesi. La tatu lilikuja bila kuitwa, akaliandika, akayatumbukiza yote sandukuni.

Jumamosi Padre akalifungua sanduku mbele ya kiongozi wa kwaya.

"Kwa nini mnabatiza watoto wachanga?"

"Neema haingoji mtu aote meno."

"Mbona mnawaomba watakatifu?"

"Tunawaomba watuombee, kama ninavyokuomba wewe, Padre."

Karatasi ya tatu Padre aliisoma taratibu. "Mtu akimwombea marehemu mkewe kila siku kwa miaka sita, atajuaje kama imetosha?"

Padre akamkabidhi mzee ile karatasi.

"Haya, Mwalimu, jibu," mama wa kwaya alihimiza.

Mzee aliitazama karatasi. Hiyo aliiandika kwa mkono wake wa kulia. Alijisahau.

"Yote ni yangu, Padre," alisema. "Wape kwaya chumba."

Mama yule aliinamisha macho, akatoka polepole.

"Chumba watapata," Padre alisema. "Ila hili halijajibiwa." Akamwonyesha benchi la waulizaji, benchi ambalo mzee hakuwahi kulikalia. Akalikalia.

"Lini inatosha, sijui, Mwalimu. Kanisa halikutupa kipimo. Tunaamini tu kwamba sala haipotei." Akaketi kando yake. "Aliitwa nani?"

Mzee akakohoa, akalitaja jina ambalo tangu mazishi alikuwa akiliandika tu kwenye bahasha za kumwombea misa. Sauti yake mwenyewe ilimshtua.