Wimbo Aliouimba Puani

Wimbo wenyewe haukuwa na maneno. Lodio aliuimba puani kila alipochomelea geti, na mkewe Makandi hakuwahi kumuuliza ni wimbo gani. Nani humuuliza mumewe jambo kama hilo? Kisha lori likapinduka kwenye barabara ya Merti. Lodio akafa, na simu yake, alimohifadhi nyimbo zake, haikuonekana tena.

Kumbukumbu ya mwaka ilipokaribia, baba mkwe, Mzee Erot, alikuja kutoka Oldonyiro kupanga mambo. Makandi akamwimbia ule wimbo, labda ataujua.

"Huo ni wa ng'ombe," mzee akakata shauri.

Kwa Waturkana, mwanamume huchagua dume moja, akalipenda kuliko mengine yote, akaitwa kwa jina lake na kulitungia wimbo.

"Lakini Lodio alikulia mjini, Bula Pesa, Baba. Hata mbuzi hakuchunga."

"Sasa wewe Mmeru utanifundisha ng'ombe? Ni lile dume la kijivu. Pembe moja huku, nyingine huku."

Makandi akakubali. Jamaa wa Oldonyiro wakaanza kujifunza wimbo ili wauimbe siku hiyo. Wakauongezea maneno, wakauongezea makofi. Baada ya wiki chache, kila Makandi alipojaribu kuuimba peke yake jikoni, yalimjia makofi yao. Wimbo wa Lodio ulikuwa unafutika kichwani mwake, na hakuwa na mahali pengine alipouhifadhi.

Asubuhi moja alikwenda sokoni kwa Nafiso, muuza maziwa ya ngamia. Juu ya mtungi, simu ya Nafiso ilikuwa ikicheza muziki wa gitaa, na wanaume wakaitikia kwa sauti nzito.

"Hiyo ni nini?"

"Muziki tu, abayo, dada yangu. Shika kibuyu vizuri, unamwaga!"

"Ni Wasomali?"

"Wasomali gani hao? Tazama vilemba." Nafiso akamwonyesha picha: wanaume waliofunika nyuso hadi machoni, magitaa mikononi, mchanga nyuma yao. "Watuareg. Wako Sahara, Mali huko. Wafanyabiashara wa ngamia wote wanayo albamu hii, mwaka wa pili au wa tatu sasa."

"Usizime."

"Nani amesema anazima? Lakini simama pembeni, wateja wapite."

Makandi akasimama pembeni. Wimbo wa nne ulipoanza, alijua ni ule wa Lodio kabla gitaa halijafika katikati. Ulishuka, ukakaa chini kidogo kama mtu anayeinama kutazama kazi yake, ndipo ukapanda. Pale pa kukaa chini ndipo palipokuwa pamempotea. Alilia bila kujificha, na Nafiso akaendelea kupima maziwa, akimfukuza kila aliyesimama kutazama.

Aliondoka na albamu nzima kwenye simu yake. Aliisikiliza akifua, akipika, akifunga mlango wa karakana. Mwanzoni aliruka hadi wimbo wa nne. Baadaye akaacha kuruka, kwa maana nyimbo nyingine nazo zilianza kuwa zake, hasa ule wa mwisho, ambao Lodio hakuwahi kuuimba puani hata siku moja.

Mzee Erot aliporudi, Makandi hakuzunguka.

"Baba, tulikosea. Si wimbo wa ng'ombe. Sikiliza."

Mzee alisikiliza, uso umefungwa.

"Kwa hivyo mwanangu hakuwa na ng'ombe."

"Hakuwa naye. Alikuwa na huu."

"Na watu wangu wameshajifunza ule mwingine."

"Wauimbe, Baba, ni mzuri. Ila wasiseme ni wa Lodio. Wa Lodio nitaucheza mimi, mchungaji akishamaliza kuomba."

Hakuna mkaza mwana aliyewahi kumpangia Mzee Erot shughuli. Mzee akaashiria simu kwa fimbo: iendelee. Nyimbo zikapita moja baada ya nyingine, chai ikapoa.

"Hawa watu," aliuliza mwishowe, "huko kwao kuna majani?"

"Kidogo sana, Baba."

"Mvua?"

"Mara moja moja."

"Kama kwetu. Nimesikia." Akavuta kiti karibu na simu. "Siku hiyo uniweke mbele kabisa, karibu na spika. Na umwambie mchungaji maombi yawe mafupi."