Tumbo Lisilofungwa

Mwanamke anayeteremka Mgeta na tenga la kabichi kichwani hageuki kurudi juu kwa jambo dogo. Lori linangoja barabarani, dereva anapiga honi, na magoti yake yameshalalamika vya kutosha. Ndiyo maana Cecilia alishangaa kuwaona wanawake wawili wakitua matenga yao kando ya njia na kujifuta jasho kwa ncha za khanga. Mmoja akamvua begi begani bila kumwomba ruhusa, akaanza kuupanda nalo mlima aliokuwa ametoka kuuteremka.

Cecilia alikuwa ameegemea jiwe, anahema. Pikipiki ilimshusha pale inaposhindwa kuendelea, naye akajiambia kwamba mlima huu ameupanda tangu utotoni, hauwezi kumshinda leo. Mlima ulikuwa ule ule. Aliyebadilika ni yeye, hasa upande wa mbele. Mwanamke wa pili akamshika kiwiko na kumwambia, "Polepole, dada. Wewe si wa kukimbia sasa."

Alidhani wanamcheka kitambi. Akanuna njia nzima hadi mlangoni kwa mama yake.

Kitambi hicho hakikuja kwa siku moja. Cecilia alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja mjini Morogoro, kazi ya kukaa tangu asubuhi mpaka makalio yasahau kwamba yana mwenyewe. Saa nne chapati na chai ya maziwa, mchana wali wa mama lishe, na jioni kibanda cha chipsi karibu na kwake Kihonda, ambako muuzaji alivunja mayai mara tu alipomwona akikata kona. Chipsi hizo alizila peke yake mbele ya televisheni, na soda ya baridi, si kwa njaa. Alikula mpaka kile kitu kifuani kinyamaze. Mumewe, Geofrey, alikuwa machimboni Kahama na alirudi nyumbani likizo iliporuhusu, nayo haikuwa na huruma.

Daktari alimpima kiuno, akampima presha, akatikisa kichwa. Apunguze mafuta, apunguze sukari, atembee, na apunguze mawazo. Hilo la mwisho alilisema kana kwamba mawazo yanauzwa kwa kilo sokoni, na mtu anaweza kuamua kununua nusu. Cecilia alijaribu. Alikunywa maji ya moto na ndimu mpaka meno yakafa ganzi. Alinunua chai ya kupunguza tumbo, ikampunguzia usingizi peke yake. Aliruka sebuleni akimfuatisha msichana wa kwenye simu ambaye hakuwa na tumbo la kupunguza. Kitambi kikabaki pale pale, kimekaa mapajani pake kila alipoketi.

Jambo ambalo hakumwambia daktari ni hili. Mwaka juzi alikuwa na mimba. Walikuwa wameisubiri miaka mingi, yeye na Geofrey, na ilipokuja wakakubaliana wasimwambie mtu, kwa sababu mimba changa haitangazwi. Watu wana macho. Ikaharibika kabla haijaanza kuonekana. Na kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba ilikuwepo, hakuna aliyejua kwamba haipo. Geofrey alisema kwenye simu kwamba Mungu atawapa mwingine, sauti ikamkwama, kisha mtandao nao ukakata. Hawakulizungumza tena. Jumatatu Cecilia alikwenda kazini, akapanga mafaili, akacheka penye kuchekwa, na jioni akapita kibandani akaagiza chipsi mayai. Ndipo ilipoanza.

Safari hii alikuwa amepanda Mgeta kwa ajili ya kuanua tanga la bibi yake, mama mzaa mama. Mama yake alimpokea kwa kumtazama kwanza tumbo, kisha uso, kisha tumbo tena. Cecilia akajiandaa kusikia maneno. Hayakuja. Badala yake aliwekewa kiti chenye mgongo, kile cha wageni wakubwa, na alipotaka kwenda mtoni na ndoo, ndugu yake Josephina alimnyang'anya ndoo huku akitabasamu. Akapewa kande zenye njegere nyingi kuliko mahindi. Akapewa peasi lililoiva, likachaguliwa kati ya mengine kwa kubonyezwa na kunuswa. Jirani alipoingia na kuanza kusimulia kifo cha ghafla cha mtu wa Nyandira, mama akamkatiza kwa upole: habari hizo zisisimuliwe mbele ya Cecilia.

Hapo akaelewa. Kijiko kilikuwa kinaelekea mdomoni, akakirudisha kwenye bakuli.

Kule kwao mimba haiulizwi. Mwenyewe hasemi, na wengine hawasemi. Humpokea mzigo, humfichia habari mbaya, humchagulia tunda. Ukimya huo ndio heshima yenyewe. Mama yake alikuwa ameliona tumbo hilo wakati wa Pasaka, likiwa dogo kuliko sasa. Katika miezi ya katikati lilikuwa limefanya kazi ya kukua, na kijiji kizima kilikuwa kimehesabu kwa macho na kupata jibu.

Alipaswa kusema pale pale. Alijua. Lakini kwanza lilikuja jambo ambalo hakulitarajia: alifurahi. Alifurahi kama mwizi aliyekuta mlango umeachwa wazi. Alipoinuka, mkono wake ulikwenda wenyewe chini ya kitovu na kukaa pale, na mama alipouona mkono ule macho yakamlowa, akajifanya anachochea moto. Kwa jioni moja Cecilia alikuwa mtu mwenye mtoto. Aliketi kwa uangalifu. Aliinuka kwa uangalifu. Alilala akiwa amegeukia ukutani, akatamani asubuhi ichelewe.

Asubuhi haikuchelewa, na ikaja na habari ya bonde.

Bonde lilikuwa shamba la marehemu bibi, chini kabisa ya nyumba, pale kijito kinapopita na udongo haukauki hata kiangazi. Karoti za pale zilijulikana na madalali wa Dar es Salaam. Kwa Waluguru ardhi hupita upande wa mama, kutoka kwa mwanamke kwenda kwa bintiye, na bibi alisema tangu zamani kwamba bonde ni la nyumba ya mama yake Cecilia, aliyekuwa binti mkubwa. Ila nyumba hiyo ilikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo hakuwa na mtoto. Wakubwa wa ukoo walikuwa wameanza kusema, kwa adabu zote, kwamba nyumba isiyo na mtoto inasindikiza tu, na kwamba Josephina, binti wa mama mdogo, ana watoto wa kike na shamba lake liko kwenye mwinuko unaoporomoka kila masika. Leo, baada ya kuanua tanga, mjomba Stefano angeamua.

Mama hakumweleza Cecilia lolote kati ya hayo. Alimpeleka bondeni tu, akamwonyesha mifereji aliyoizibua mwenyewe, akainama na kung'oa karoti mbili, akazisuuza kijitoni na kumpa moja. Wakasimama wanatafuna. Mama alikuwa amechoka kwa namna ambayo Cecilia hakuwa ameiona. Vidole vilikuwa vimepinda, na bado alilitazama shamba lile kwa macho ya msichana. Alisema kwamba mwakani angepanda njegere upande wa juu, karibu na nyumba, ili mtu aweze kuchuma huku anaangalia aliyelala kivulini. Hakusema nani atakayelala kivulini. Cecilia akameza karoti.

Kikao kilifanyika uani, ubani ukiwa bado unanukia kutoka ndani. Mjomba Stefano, kaka wa mama yake, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya ardhi ya ukoo, na alikuwa mtu asiyependa kulitoa haraka. Alimtaja bibi na watoto wa bibi, akamtaja Josephina kwa sifa nzuri. Josephina aliketi mkekani ameinamisha kichwa, kitoto chake cha mwisho kimelala mgongoni. Kisha mjomba akageukia upande wa kile kiti chenye mgongo.

"Palikuwa na shaka," alisema, "lakini jambo linaloonekana kwa macho haliulizwi kwa mdomo. Mungu amelikumbuka tumbo la dada yangu. Basi mimi naona bonde libaki pale pale lilipo, limsubiri mwenyewe."

Wanawake wakapiga vigelegele vya chini kwa chini, vya msibani. Mama hakupiga. Alikuwa amefumba macho, midomo inamcheza, rozari mkononi. Cecilia alimtazama na kutambua kwamba hajawahi kumpa mama yake furaha ya ukubwa huo, na kwamba anachotakiwa kufanya ili asimnyang'anye ni kunyamaza tu. Hakuna aliyemuuliza. Hakuna uongo alioutamka. Baadaye, akiwa mjini, angeweza kupeleka habari kwamba imeharibika, nani angebisha? Ingekuwa kweli hata. Ingekuwa kweli iliyochelewa.

Kitoto cha Josephina kikaamka, kikalia, naye Josephina akainuka kukibembeleza huku akirudi nyuma ya watu, asisumbue.

"Shikamoo mjomba," Cecilia alisema, ingawa walikwisha kuamkiana. Alikosa pa kuanzia pengine. "Mnisamehe. Hapa hamna mtoto. Hili ni tumbo la kula."

Mtu mmoja alikohoa. Mjomba alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Alikuwepo," Cecilia akaendelea, na sasa sauti ilikuwa inamtoka bila ruhusa yake. "Mwaka juzi. Akatoka. Sikumwambia mtu."

Mama akafumbua macho. Hakumtazama binti yake. Aliinuka kwa kushika goti, akapita katikati ya watu, akaingia ndani na kuurudisha mlango. Kikao kikaendelea kwa sababu vikao huendelea. Bonde likaenda kwa Josephina, na Josephina akalipokea kwa machozi ambayo hayakuwa ya furaha yote. Cecilia alibaki kwenye kiti cha wageni wakubwa, akitamani kiti kile kimmeze.

Watu walipotawanyika aliingia ndani. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la bati, amelifungua. Mapajani alikuwa na kaniki mpya iliyokunjwa, na Cecilia alijua mara moja ilinunuliwa kwa kazi gani: ndiyo mkaja, kitambaa anachofungwa mzazi kiunoni baada ya kujifungua, mama yake au bibi yake akivuta kwa nguvu zote ili tumbo lirudi mahali pake. Mama alikuwa ameshaununua.

Cecilia aliomba msamaha. Alieleza habari ya chipsi, ya daktari, ya kazi ya kukaa, akayachanganya yote, na mama akamwacha mpaka maneno yakamwishia.

"Nani alikufunga?" mama akauliza.

"Unasemaje, mama?"

"Mtoto alipotoka. Nani alikukanda? Nani alikufunga tumbo?"

Cecilia alitikisa kichwa. Hakuna. Alikwenda kazini.

Mama akaweka kaniki kando. Kisha akatandika mkeka, akaenda kuteka maji ya moto kwenye sufuria ya msiba iliyokuwa bado jikoni, akarudi na mafuta ya nyonyo kwenye kisosi. Akamwambia alale. Cecilia akasema ni mwaka juzi, mama, imeshapita. Mama akamjibu kwamba tumbo lenyewe halijaambiwa kwamba imepita. Akamkanda kwa kitambaa cha moto, kutoka mbavuni kushuka chini, kwa vidole vile vilivyopinda, akilishika tumbo lile lote lililoletwa na mafuta ya kibandani bila kulionea aibu wala kulitania. Cecilia alilia mpaka masikio yakajaa machozi. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia watu waliofiwa, na wanawake waliokuwa uani wakiosha vyombo walinyamaza, wakamwachia nafasi yake.

Mama akamwinua, akaizungusha kaniki, akaweka goti kiunoni kwake na kuvuta.

"Vuta pumzi," alisema. Halafu, akiwa nyuma yake, mahali wasipoweza kutazamana: "Ulikuwa umempa jina?"

Alikuwa amempa. Hata Geofrey hakulijua. Cecilia alilisema kwa sauti ndogo, na mama akalirudia mara moja, polepole, huku akikaza fundo.

Aliteremka siku iliyofuata na begi lake begani. Hakuna aliyempokea mzigo, ingawa waliokutana naye walimsalimu vizuri tu. Kwenye kona ya bonde Josephina aliacha jembe, akamjazia mfuko wa karoti na kumwambia kwamba njegere za upande wa juu mama atapanda kama alivyosema, yeye hana neno. Njia nzima mkaja ulimbana. Kila alipotaka kuhema ovyo ulimkumbusha kuhema taratibu.

Jioni alikuwa Kihonda. Alikata kona, harufu ya mafuta ikamfikia, na njaa ile ikaamka kifuani, mahali pake pale pale. Muuzaji alimwona, akashika yai.

"Ngoja kwanza, kaka yangu," Cecilia alisema.

Akasogea kando, karibu na ukuta, akatua mfuko wa karoti miguuni. Mkono mmoja aliuweka juu ya fundo. Kwa mkono mwingine alitafuta namba ya Geofrey, akaipiga, akasimama akisikiliza simu inavyoita huko Kahama, jina likiwa tayari mdomoni.